Mume yuko kwenye friza, pete iko kidoleni!

  Kama uhusiano wako unapumulia mashine, usiondoke, kaa hapa hapa, maana mwezi huu kuna jambo lako.

Leo nakuletea muvi. Tena si ile ya maua, mvua na machozi. Ni muvi ya kutisha, ya wanyonya damu! Najua kuna anayeguna huko: safu ya mapenzi na wanyonya damu wapi na wapi? Subiri kidogo. Nimefuatilia watazamaji wanavyobishana kuhusu muvi hii, na kila ubishi ukianzia kwenye damu unaishia kwenye ndoa. Nani alimtumia nani, nani alificha nini, na je, mwenzako akikuangusha shimoni, unalazimika kufa naye humo?

Inaitwa Ganja & Hess. Usicheke! Ganja hapa si ile inayokamatwa na polisi. Ni jina la mwanamke, tena mrembo haswa. Hess ndiye mwanaume. Muvi ilitoka Marekani mwaka 1973, imeandikwa na kuongozwa na Bill Gunn, Mmarekani mweusi, ambaye pia ameigiza humo humo.

Ilizaliwa kwa mtindo ambao hata wacheza sinema wa kwetu wanaujua vizuri. Mwaka 1972 ilitoka Blacula, muvi ya mnyonya damu mweusi, na watu wakajaa kwenye majumba ya sinema. Kampuni ya Kelly-Jordan ikaona nayo ipite mlango huo huo. Ikamtafuta Gunn, ikampa dola 350,000 atengeneze mnyonya damu mweusi mwingine. Usione hizo ni nyingi, kwa Marekani ni bajeti ya kuunga-unga. Gunn akazipokea, lakini kichwani alikuwa na hadithi yake nyingine kabisa: uraibu, dini, na watu wawili wanaopendana vibaya.

Dokta Hess ameigizwa na Duane Jones, yule yule wa Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Ganja ni Marlene Clark. Muziki ni wa Sam Waymon, mdogo wake Nina Simone, naye pia kaigiza kama mchungaji. Kwa hiyo pesa zilikuwa kidogo, lakini watu walikuwa watu kweli.

KISA CHENYEWE

Tahadhari: naimwaga yote mpaka mwisho, maana bila hivyo hatutaelewana. Kama hupendi kusimuliwa, kaitafute kwanza, gazeti litakusubiri.

Dokta Hess ni msomi na tajiri. Ana jumba la kifahari, ana watumishi, ana dereva. Anachunguza mambo ya utawala wa kale wa Afrika uitwao Myrthia (jina la kutungwa hilo, usilitafute kwenye ramani). Analetewa msaidizi mpya, George Meda, ambaye ndiye Gunn mwenyewe. Meda kichwa hakijatulia. Siku moja anamchoma Hess kwa kisu cha Myrthia, kisha anajipiga risasi na kufa.

Hess hafi. Anaamka mzima kabisa, hana hata jeraha, ila ana kiu. Anaiona damu ya msaidizi wake sakafuni, anainama, anailamba. Kuanzia hapo mambo yameharibika. Maiti anaificha kwenye friza. Damu anaiba kliniki, na ya kliniki isipotosha anaua.

Sasa ndipo Ganja anapoingia. Huyu ni mke wa Meda, amekuja kumtafuta mumewe. Hess anampokea vizuri, chakula, vinywaji, kitanda. Ukweli hamwambii. Hazipiti siku nyingi wawili hao wanakuwa wapenzi. Halafu siku moja bibie anashuka chini kwenye ghala la mvinyo, anafungua friza, anakutana na nani? Mumewe, ameganda!

Anashtuka, anachachamaa. Lakini shangaa mwenyewe: ndoa inafungwa! Baada ya ndoa Hess anamgeuza mkewe awe kama yeye. Ganja anaamka kwenye maisha mapya yanayomtia hofu, na mumewe anaanza kumfundisha namna ya kuishi nayo. Anamkaribisha kijana mmoja mtanashati aje kula chakula cha jioni, kumbe chakula ni kijana mwenyewe.

Mwisho Hess anachoka. Anakwenda kwenye kanisa la yule mchungaji, ambaye pia ni dereva wake, anatubu huku waumini wakiimba. Anarudi nyumbani, anasimama mbele ya msalaba, kivuli chake kinamwangukia kifuani, anakufa. Anataka mkewe naye afuate njia hiyo. Ganja anakataa. Analia, lakini anabaki. Na picha ya mwisho ni yeye dirishani akitabasamu, huku yule kijana akitoka kwenye maji na kumkimbilia.

Haya, sasa tuwasikilize watazamaji.

WALIOSINZIA

Kundi la kwanza ni la wanaosema muvi inachosha. Walinunua hofu, wakapewa maongezi. Sauti mahali pengine haisikiki vizuri, picha nyingine ni giza tupu, hadithi inaruka kama kanda iliyokatika. Wanyonya damu wenyewe hawana meno marefu, hawaogopi jua, hawageuki popo, na neno vampaya hakuna anayelitamka. Kila kiu inapompanda Hess unasikia wimbo wa Kiafrika unaojirudia-rudia, na mwanamke mwenye vazi la malkia anaonekana akitembea kwenye majani marefu. Wapo waliozima hapo hapo.

Siwalaumu. Ukikaa na mwenzako usiku mkitaka kushtuka na kukumbatiana, hii siyo. Lakini kwa sisi wa upande huu naona kuna kitu tunaweza kukiona haraka kuliko wenzetu waliokulia kwenye Dracula. Mnyonya damu wetu wa siku nyingi ni mumiani. Mumiani hana meno ya ajabu wala hatoki jeneza. Ni mtu wa kawaida, tena mara nyingi mwenye gari, vifaa na pesa, anayetafuta damu ya wenzake. Enzi za ukoloni watu wengi wa Afrika Mashariki waliwakimbia wazimamoto wakiamini ndio wakusanyaji wa damu hiyo. Ukiwa na mumiani kichwani, Dokta Hess anakutisha bila meno. Msomi, mpole, suti safi, anaongea taratibu, halafu anatoka kliniki na damu za watu.

WALIOISHUTUMU, NA WALIOIONA NUSU

Kundi la pili ni la wakosoaji wa magazeti makubwa wa mwaka 1973. Muvi ilipoanza kuonyeshwa New York iliponda-pondwa, ikadumu wiki moja tu kwenye ukumbi. Wakati huo huo ilikuwa imechaguliwa kuonyeshwa Cannes, Ufaransa, kwenye Wiki ya Wakosoaji, ikiwa muvi pekee ya Marekani humo. Gunn aliumia. Mwezi Mei mwaka ule ule gazeti la New York Times likachapisha barua yake, ambamo alilalamika kuwa angekuwa mtu wa Ulaya, kazi yake ingeitwa kamuvi kadogo ambako lazima ukakaone, lakini kwa kuwa ni mweusi, hata habari ya Cannes hakuna mkosoaji mzungu wa gazeti kubwa aliyeitaja.

Si wote waliokuwa vipofu. James P. Murray wa Amsterdam News, gazeti la Wamarekani weusi wa New York, aliisifia sana. Lakini sifa hazikuweza kuiokoa. Iliuzwa kwa kampuni nyingine, nayo ikaikatakata kutoka karibu saa mbili hadi dakika 78 hivi, ikaipa jina la Blood Couple na majina mengine ya kuvutia wateja. Gunn akaondoa jina lake. Bahati nzuri kopi ya awali ilikuwa imehifadhiwa kwenye Museum of Modern Art ya New York, na ndiyo iliyoiwezesha muvi kamili kurudi kwa watazamaji miaka mingi baadaye.

Unaona ubishi unavyoanzia? Kwa miaka mingi watu waliipenda au kuichukia muvi ambayo hawakuiona yote. Kabla hujabishana na mtu, muulize kwanza: wewe umeona ipi? Na hilo ukilipeleka nyumbani kwako halitakuumiza. Ugomvi mwingi wa wapenzi ni wa watu wawili walioona vipande tofauti vya hadithi moja.

Mwongozaji maarufu Spike Lee aliipenda kiasi cha kuitengeneza upya. Mwaka 2013 alichangisha zaidi ya dola milioni 1.4 kutoka kwa watu kupitia Kickstarter, na mwaka 2014 ikatoka Da Sweet Blood of Jesus, inayofuata nyayo za ile ya kwanza karibu hatua kwa hatua. Gunn hakuiona, alifariki mwaka 1989. Nayo iliwagawa watazamaji vile vile.

GANJA NI MCHUNA BUZI?

Sasa tufike penye moto. Ukitaka watu wanyanyuke kwenye makochi, wataje huyu dada.

Wapo wanaosema bila kupepesa kwamba Ganja ni mchuna buzi. Mumewe kapotea, badala ya kumtafuta anaonja mvinyo wa mwenye nyumba. Anamsumbua mtumishi wa ndani kama nyumba ni ya baba yake. Anaikuta maiti ya mumewe, na bado anavaa pete! Mwanamke gani huyo? Pesa zimemziba macho, hao ndivyo wasemavyo, na mwisho alipomwacha Hess afe peke yake akabaki na jumba, wanapiga makofi ya hasira: si tulisema!

Upande wa pili wapo, na wengi wao ni wanawake, wanaomtetea kwa nguvu zote. Wanakukumbusha sehemu ambayo Ganja anamsimulia Hess utoto wake: kulikuwa na mchezo wa kurushiana theluji, akarudi nyumbani na mama yake asimwamini. Siku hiyo mtoto yule akaamua kwamba kuanzia sasa atakayemtunza Ganja ni Ganja mwenyewe. Ukishaisikia hadithi hiyo, wanasema, huwezi kumwona tena kama mpenda pesa tu. Ni mtu aliyejifunza mapema kwamba hakuna anayekuja kumwokoa. Wanyonya damu wengine hufa mwisho wa muvi, hasa wakiwa wanawake. Huyu kabaki hai na kucheka.

Mimi niko wapi? Nakuambia. Ganja si malaika. Kumwona mume wako kwenye friza ya mtu halafu ukaolewa na mtu huyo, huwezi kusema hukuonywa! Hapo alichagua macho yakiwa wazi. Na damu aliyomwaga baadaye ni damu ya watu.

Ila nataka uangalie kitu ambacho wanaomwita mchuna buzi wanakiruka. Katika nyumba ile, Ganja anataka kitu na anasema anakitaka. Anataka raha, anataka mali, anataka kupendwa. Mwenye kuficha ni Hess. Ni yeye aliyemwacha mwanamke alale juu wakati mume wake amelala chini kwenye barafu. Tunamrukia anayetaka waziwazi, tunamwonea huruma anayeficha kwa upole. Mbona hata mitaani kwetu ni hivyo hivyo? Dada akisema anataka mwanaume mwenye kazi, kashapewa jina. Kaka akificha mke na watoto wawili mkoani, tunasema ana matatizo yake.

HESS NA ILE ZAWADI YA MILELE

Watazamaji wa siku hizi wengi wakiona damu, ugonjwa na kitanda kimoja, wanasema hii ni hadithi ya UKIMWI. Tuwe waangalifu. Muvi ni ya mwaka 1973, na UKIMWI uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Gunn alikuwa akiwaza uraibu, mtu anayetawaliwa na kiu asiyoweza kuizima. Na sitaki mtu aondoke kwenye ukurasa huu akimlinganisha mgonjwa na mnyonya damu. Hapana! Mtu mwenye VVU anayetumia dawa vizuri, virusi vikashuka hadi kutoonekana kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Huyo anaoa, anaolewa, anazaa.

Kosa la Hess halikuwa kuugua. Hata ile kiu hakuiomba, alichomwa kisu. Kosa lake ni kugawa kiu hiyo bila kuieleza. Hapa pia watazamaji wanagawanyika. Wapo wanaosema Ganja alijua, maana siri ya nyumba ilishafunguka na akakubali ndoa. Wengine wanasema kuambiwa kuhusu uzima wa milele ni kitu kimoja, na kuelewa kwamba kila baada ya muda itabidi mtu afe ili wewe ushibe ni kitu kingine. Mimi nasimama na hawa wa pili, kwa sababu moja tu: hofu ya Ganja anapoamka. Mtu aliyeelewa alichokubali haamki na hofu ya namna ile. Alipewa nusu ya habari, ile nusu tamu.

Halafu fikiria mwisho. Mwanaume aliyemwingiza ndiye anachoka kwanza. Anapata toba yake, anapata amani yake, na sasa anataka mke naye afe kwa sababu yeye amemaliza safari. Kuna watazamaji wanaotoa machozi sehemu ya kanisani, na kweli imepigwa vizuri, nyimbo zinapanda mpaka unasikia joto la watu. Wanasema Hess ameokoka, na Ganja amemsaliti. Toba ya Hess siipingi hata kidogo. Lakini toba ni ya mtu binafsi. Huwezi kumtumbukiza mwenzako kwenye maji bila kumuuliza, halafu ukishafika ng'ambo umlaumu kwamba hataki kuzama pale unapotaka wewe.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Sikuleti kwenye friza ya watu bure. Kama una mtu wako, mambo matatu ya kuondoka nayo.

La kwanza, semeni kabla ya pete. Afya, madeni, watoto, dini unayokusudia kuhamia, pombe unayokunywa kwa siri. Nendeni mkapime pamoja, kaeni mezani mhesabiane madeni. Mwenzako akikimbia, amekimbia akijua. Akibaki, amebaki akijua, na huyo ndiye wa kwako. Hess alikuwa na mwanamke mwenye moyo mgumu kuliko wanaume wengi. Huenda angeubeba ukweli wote. Hakumpa nafasi.

La pili, na hili ni kwako unayependwa: ukishaona friza, usijifanye hujaona. Tabia uliyoikuta na ukainyamazia kwa sababu nyumba ni nzuri, itakufuata chumbani. Ganja aliona mwenye nyumba anavyowatendea watu walio karibu naye. Akadhani yeye atakuwa tofauti. Wangapi tumedhani hivyo?

La tatu, kama umeshaingizwa kwenye jambo ambalo hukuchagua, deni, ugonjwa, ugomvi wa ukoo wa mumeo au mkeo, unaruhusiwa kutaka kuishi. Mapenzi ni kuvumiliana, sawa. Lakini hakuna ndoa inayomdai mtu azikwe na makosa ya mwenzake. Tafuta msaada, sema na wazazi, na mshenga, na daktari, na kiongozi wa dini yako. Na ukiamua kubaki hai, usijione msaliti. Ila chagua kuishi kwa namna isiyomwaga damu ya wengine, maana hapo ndipo Ganja mwenyewe aliposhindwa.

Kama utaitafuta, hakikisha unapata ile ya karibu saa mbili yenye jina la Ganja & Hess. Blood Couple achana nayo. Itazame na mwenzako, simu mkiwa mmezima. Ikiisha, kabla hamjasema kama ni nzuri au mbaya, kila mmoja amwambie mwenzake nani kati ya wale wawili anamwonea huruma zaidi, na kwa nini. Majibu yenu yatawaambia mengi kuliko miezi sita ya meseji za usiku mwema.

Akikujibu kwamba Hess hakuwa na sababu ya kumweleza mkewe kila kitu, mpenzi msomaji, nenda kaangalie kwenye friza.

Tukutane toleo lijalo. Pendaneni, na ambianeni!